Kipimo Ambacho Kaari Hakukipima

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Kaari alikwenda gereji ya baba yake pale Muthara. Fundi Muthamia alikuwa hodari, ila macho yake hayakuona tena namba ndogo. Aliyemsomea utepe wa kupimia alikuwa Kaari, msichana wa miaka kumi na miwili.

Jumamosi moja palikuwa na Land Rover kuukuu ya Mzee Runji. Mzee huyo, kama wenye magari wengi wa huko, alikuwa ameongeza vyuma kwenye springi ili abebe magunia zaidi. Gari likainuka juu kuliko zamani, na shokomzoba za nyuma, zinazolizuia lisirukeruke, zilikuwa zimekufa.

"Pima kutoka pini ya juu hadi ya chini," baba alisema. "Kwanza likiwa limesimama. Halafu mwite Munene ainue chesisi, fremu ya chini ya gari, kwa jeki, magurudumu yaning'inie, upime tena. Hicho cha pili ndicho cha maana zaidi."

Baba akaenda kutafuta bolti. Kaari akapima kile cha kwanza. Munene, msaidizi wa gereji, alikuwa bado anakunywa chai, na rafiki yake Ntinyari alikuwa akimwita Kaari mpirani. Shokomzoba moja ya zamani, iliyokwisha kufunguliwa, ilikuwa imelala chini. Kaari akaivuta mpaka mwisho, akaipima, akaandika: sentimita hamsini na moja.

"Mliinua kwa jeki?" baba aliuliza baadaye.

"Ndiyo, Baba."

Shokomzoba mpya zilifika Ijumaa kutoka Meru mjini, zikafungwa gari likiwa limesimama. Zilikaa vizuri, lakini Kaari hakuwa na raha. Alijua ile ya zamani ilinunuliwa kabla springi hazijaongezwa vyuma, kwa hiyo huenda ilikuwa fupi mno kwa gari lililoinuka.

Kesho yake mawingu meusi yalikuwa yametanda. Mzee Runji alikuja na akina mama wa kanisa.

"Nawapeleka mazishini, kule chini kwenye mteremko," alisema.

Wa mwisho kupanda alikuwa Kathambi, mama yake Kaari. Alimpungia binti yake mkono.

Gari lilipovuka mtaro wa langoni, gurudumu la nyuma lilitumbukia. Ko! Wanawake waliendelea kuimba. Kaari akaitambua sauti hiyo: shokomzoba ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Akinyamaza, hakuna atakayemgombeza. Lakini mama yake alikuwa mle ndani.

"Simama!" alipiga kelele akikimbia kando ya gari. "Mzee Runji, simama! Sikupima!"

Abiria wakashuka. Munene akainua chesisi. Gurudumu halikuning'inia inavyopaswa. Shokomzoba ilikuwa imelishikilia, na pini yake ya chini ilikuwa imepinda.

"Mashimo mengine mawili, matatu, ingekatika," Munene alisema kwa sauti ya chini.

Baba alizifungua zote mbili, akampa Kaari utepe. Safari hii alipima magurudumu yakining'inia. Hamsini na nane.

"Nisamehe, Baba," alisema huku akilia.

"Umefanya vizuri kusema, hata kama umechelewa," Fundi Muthamia alijibu. "Ungeniambia Jumamosi ile kwamba hukupima, ningengoja tu Munene amalize chai. Lakini uliniandikia namba, nami nikaiamini, nikafunga shokomzoba kwa namba hiyo, na mama yako akapanda."

Mama alikuwa amesimama kando yao, leso yake mkononi. Alimvuta Kaari karibu, akamshika kwa nguvu.