Shanga ya Kuachiliwa

Macho hayana pazia, na Priscille aliishi kwa macho yake. Kabla hajafungua furushi la vitenge, alikuwa ameshawasoma abiria wote wa boti iendayo kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kati ya Zambia na Kongo: nani ana sherehe, nani ana msiba, nani atashikashika kitambaa kisha asinunue.

Ndivyo alivyomwona Webby kwa mara ya kwanza bandarini Kashikishi, upande wa Zambia, katikati ya makelele ya wachuuzi na harufu ya samaki waliotandazwa juani. Shati jeusi lililopigwa pasi, viatu mkononi, binti mdogo mgongoni. Mfiwa, Priscille alijisemea, na mwanamume safi.

"Mama, furushi yako inakalia mahali ya batu watatu," Webby alimwambia.

"Basi lipia weye ile mahali ya tatu."

Webby akacheka, na binti yake Jessy akashangaa, kwani tangu mama yake afariki hakuwa amemsikia baba akicheka.

Mapenzi yakaanza. Priscille, ambaye nyumbani kwake ni ng'ambo, Kongo, alinunua simu ya pili yenye laini ya Zambia, na namba yake alimpa Webby peke yake.

"Umekula, sheri wangu?" Priscille alimuuliza usiku mmoja.

"Nimekula. Lakini nakuwaza paka weye, weye tu."

"Muongo. Nikikupikia hukule. Nikikugusa unaruka, sawa vile niko moto. Uko na mwingine?"

"Sina, mupenzi. Ungoje kidogo."

Angoje nini, Webby hakusema. Priscille akamkatia simu, na kwa wiki nyingi hakupokea tena. Usiku alilia kama mtoto.

Mwishowe hasira zilimwisha, akapanda boti na furushi lake ili akamtafute kisiwani kwake. Mbele yake walikaa mama aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani na msichana mwenye nywele zilizosukwa upya, beseni lililofunikwa kitambaa cheupe likiwa miguuni pao. Harusi, Priscille alijua mara moja. Akachagua kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, akamtandikia msichana begani.

"Mama, huyu akivaa hiki, bwana yake atasahau kula."

Msichana hakutabasamu. Mama akanunua, akasema, "Rosaria tunamupeleka akae pa nafasi ya dada yake alikufa. Bwana ni Webby, ule anashona nyavu."

Priscille aliendelea kukunja vitambaa. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Ufukweni mwa kisiwa, Webby aliwaona wote watatu wakishuka. Akamvuta Priscille pembeni ya nyavu, bila kumgusa, kwa ishara tu.

"Sikujua bataleta mutu. Mi niliomba banifunge bulungu tu, ile shanga nyeupe. Kama bakwe habajanifunga, mzimu wa muke wangu uko nami bado. Ningekugusa, ungekufa. Nilikuogopea."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Weye Mukongo, ungenicheka."

Priscille alitaka kumpiga, kisha akataka kumkumbatia, na vyote viwili vilikatazwa.

Alasiri mama yule wa botini, mkwe wa Webby, aliketi mkekani. Webby akapiga magoti.

"Mayo, mama yangu, Rosaria ni mudogo wangu. Munifungie bulungu, mukwai, naomba."

Mama akajibu, "Nitakufunga. Lakini mutoto wa binti yangu hatabaki kwa mwanamuke mwingine. Jessy ni wa kwetu, wa ukoo wa mama yake."

Webby alimtazama Jessy, aliyekuwa akichezea kipande cha wavu. Akamtazama Priscille mlangoni. Kisha akanyoosha mkono wake, ukafungwa shanga. Priscille angeweza kusema neno, lakini hakusema, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilitaka.

Asubuhi Priscille, mama, Rosaria na Jessy walipanda boti moja. Simu ile ya pili ya Priscille ikalia huku Webby akionekana bado ufukweni, mkono wenye shanga umeinuliwa juu.

"Niko huru, mupenzi. Juma ya kesho nakuja kuona wazazi wako. Utanikubali?"

Mbele ya Priscille, mapajani mwa bibi yake, Jessy alikuwa amefunikwa kitenge cha buluu chenye ndege. Rosaria hakutaka kukivaa. Priscille akamsoma Jessy kama alivyowasoma wote. Alikuwa peku, kipande cha wavu mkononi, na alidhani jioni atarudi.

"Webby, nakupenda. Ile usisahau."

"Basi sema ndiyo."

"Siwezi kulala katika ile nyumba, nikijua mahali ya mutoto iko wazi."

Injini ilinguruma. Webby akasema taratibu, "Sasa nimepoteza bote babili, weye na Jessy."

"Mumoja unaweza kumufuata."

Akaiweka simu ile kwenye kiganja cha Jessy. "Sema na tata, baba yako."

Walipofika Kashikishi mtandao ulikuwa umekatika zamani, lakini Jessy alishuka akiwa bado ameibana simu sikioni, na Priscille hakuidai.