Mfuko Ulioenda Upande

Mtaa mzima ulimwita Mama Mishono, kwa sababu mishono yake ilinyooka ajabu. Basi siku moja alimshonea mumewe shati, na mfuko ukaenda upande.

"Mke wangu, huu mfuko unasafiri kwenda wapi?" mumewe, dereva wa lori, alimtania.

"Si mimi. Ni cherehani!" alijibu kwa hasira.

Akamwita fundi wa kutengeneza cherehani. Fundi alimwomba ashone kidogo, akatia mafuta, akabadilisha sindano, kisha akajaribu kushona mwenyewe. Mstari ulinyooka.

"Mama, cherehani ni nzima," alisema. "Nimekutazama ukishona. Mkono wako wa kulia unalegea."

Mama Mishono aliutazama mkono wake. Ni kweli, mkono ulikuwa ukilegea. Tena asubuhi kichwa kilimuuma mpaka akatapika. Alikuwa amevumilia tu, akidhani ni uchovu. Sasa hofu ilimshika. Kesho yake alikwenda hospitali na mumewe.

Alipigwa picha ya kichwa. Ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo, karibu na sehemu inayoongoza mkono.

"Tunaweza kuutoa kwa upasuaji," daktari alisema. "Tukiwa kazini, tutatumia altrasaundi."

Mume aliruka kitini. "Altrasaundi? Si ile ya wajawazito? Daktari, kwani mke wangu ana mimba kichwani?"

Muuguzi alishindwa kujizuia, akacheka. Mume hakucheka hata kidogo.

"Picha mnayo tayari," alisema. "Hiyo mashine nyingine ya nini? Mnataka kubahatisha. Mama, inuka twende nyumbani."

"Baba, keti kwanza," muuguzi alisema kwa upole. "Picha hii ilipigwa kichwa kikiwa kimefungwa. Fuvu likifunguliwa, ubongo husogea kidogo, na uvimbe nao husogea. Picha ya zamani haijui hilo. Altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti, sauti ambayo masikio yetu hayaisikii. Mawimbi yakirudi, tunapata picha ya wakati uleule. Daktari anaona uvimbe uko wapi, na kama kuna uliobaki."

"Na hatari je?" Mama Mishono aliuliza.

"Zipo," daktari alijibu. "Kila upasuaji una hatari zake, na mashine hii haioni kila kitu. Lakini inatusaidia kutoa uvimbe mwingi zaidi bila kugusa sehemu zenye afya."

Mama Mishono alimgeukia mumewe.

"Mimi nimeelewa," alisema. "Nikichora kitambaa kwa chaki, kisha kikateleza, siwezi kukata kwa kufuata chaki ileile. Nitaharibu nguo. Lazima nikiangalie upya. Mume wangu, nafanyiwa upasuaji. Bila mkono huu mimi si fundi tena."

"Umeamua?"

"Nimeamua. Na siku hiyo uvae lile shati. Nikizinduka, nataka nilione kosa langu."

Siku ya upasuaji mume alisubiri nje ya chumba, mfuko umemkaa upande kifuani. Hatimaye daktari alitoka.

"Tulipodhani tumemaliza, tulipima tena kwa altrasaundi," alisema. "Ikatuonyesha kipande kimejificha chini. Nacho tumekitoa. Sasa tusubiri majibu ya maabara, na asikose kliniki."

Dereva wa lori alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Mama Mishono alipozinduka, vidole vilisogea, lakini kwa udhaifu. Hakukata tamaa. Kila siku aliokota vifungo kimoja kimoja kutoka kwenye bakuli, kama alivyofundishwa hospitalini. Majibu ya maabara yalikuja: uvimbe haukuwa saratani. Kliniki hakukosa hata mara moja.

Kisha siku moja aliketi kwenye cherehani yake. Aliufumua ule mfuko, akaushona upya polepole. Mumewe alivaa shati, akajitazama kwenye kioo.

"Ama kweli, leo cherehani imejitahidi!" alitania.

"Cherehani haikukosea tangu mwanzo," Mama Mishono alisema, akimnyooshea kola. "Mimi ndiye niliyechelewa kwenda hospitali."