Jibu Lisilofutwa

Fundi kompyuta alikuwa ameshatoka mlango mkubwa, begi mgongoni, mlinzi alipomwita.

"Fundi, mashine inasema bado umo ndani."

"Mzee wangu, si unaniona hapa?"

"Nakuona." Mlinzi akashusha sauti. "Na juu nakusikia unakohoa."

Ilikuwa kazi ya fundi mwenyewe hiyo, na uvivu wake mwenyewe. Programu ya milango kila ilipoulizwa nani yumo ndani, ilikwenda kuchakura hifadhidata nzima, na watu foleni wananung'unika. Basi akaiwekea kache: jibu likipatikana mara moja linawekwa pembeni, atakayeuliza tena anapewa lile lile, chapuchapu. Safi kabisa! Ila hakuipangia muda wa kulitupa jibu la zamani. Alisema atafanya kesho, na kesho ya mafundi unaijua.

Mkewe alishampigia: mtoto ana homa, anamlilia baba. "Nakuja sasa hivi, mama," alimjibu. Akapanda juu, alifute tu jibu hilo la zamani aondoke.

Chumba kilinuka udi na waya ulioungua. Kiti chake kilikuwa na joto. Alipoinama kwenye kibodi alisikia pumzi nyuma ya shingo, ikivutwa kila alipovuta yake, na akajua, nywele zimemsimama, kwamba ile nafasi iliyowekwa kwa jina lake wakati yeye hayumo ilikuwa imeshapata mkaaji, na kwamba mkaaji huyo alikuwa humo siku zote akijifunza kikohozi chake, mwendo wake, na namna anavyomwita mwanawe. Akalifuta lile jibu.

Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi, na yeye amevivaa. Chini, mlango ukalia, ukafunguka, ukajifunga.

Akaiuliza upya hifadhidata yenyewe: nani yumo ndani? Ikajibu: hakuna mtu.

Na mlango ule haumfungulii mtu ambaye hayumo. Alikimbilia chini, akapiga kioo kwa ngumi, akaita mpaka sauti ikamkauka, na mlinzi upande wa pili akatazama skrini yake, akatazama pale pale fundi aliposimama, akazima taa akaenda zake. Ikabaki simu.

"Mke wangu, nimefungiwa huku..."

"We nani?" mkewe alinong'ona kwa hofu. "Mume wangu huyu hapa, kaingia sasa hivi. Kamshika mtoto tu, homa imeshuka."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa anacheka. Kisha mtu akakohoa.