Sauti ya Bwana Tuli

Asubuhi ile ya Machi, mwaka wa 1996, stesheni ya Mombasa ilikuwa imejaa wapagazi, akina mama wenye vikapu vya kabichi, na wageni waliotafuta kivuli. Mbeyu alipenya katikati yao mbio, gauni lake la kitenge cha manjano limemganda mgongoni kwa jasho, hata akaifikia kaunta ya vitu vilivyosahauliwa garimoshini.

“Mkoba mweusi, mpana,” alisema bila salamu. “Una michoro mia mbili na kumi. Nikiukosa, sina kazi.”

Karani aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa kijana mrefu, mwenye tai ya kahawia na shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu.

“Hujambo, bibiye?”

“Sijambo. Mkoba wangu?”

“Upo. Lakini ulifunguka, karatasi zikatawanyika behewani. Nimezipanga.”

Mbeyu alishika kichwa. “Umezipanga vipi? Hazina nambari!”

“Mtu huyu anainua kikombe, anakishusha, kisha anajuta. Nimeyafuata majuto yake.”

Mbeyu alizifunua moja baada ya moja. Haikuwapo hata moja iliyokosewa mahali pake. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akamtazama karani huyo sawasawa.

“Jina lako nani?”

“Fondo Kenga. Na huyu mwenye kikombe?”

“Bwana Tuli. Ni katuni.”

Mbeyu alikuwa mchoraji katika studio ya Bwana Abdulghafur, ghorofani, katika uchochoro wa Mji wa Kale. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kuchekesha wa katuni kwa ajili ya televisheni, uliohusu ofisi ya siri inayotawala dunia: makarani wake huamua mvua inyeshe wapi na nani apotelewe na kiatu kimoja, nao hushukiana kutwa. Bwana Tuli ndiye aliyewafutia watu kumbukumbu za mambo wasiyopaswa kuyaona. Kila aliyeletwa kwake, alimhurumia kwanza, ndipo akamfuta. Hakuna aliyemkumbuka baadaye, naye alikuwa mpweke kupita kiasi. Katika mchezo, angependwa na mkuu wa ofisi. Ila Mbeyu alikuwa hajajua mtu kama huyo hupendwaje.

Akajua. Fondo alimpigia simu kila adhuhuri.

“Umekula, laazizi?”

“Nimekula wino.”

“Basi njoo Bondeni, nikununulie mahamri uoshe kinywa.”

Desturi ya studio ilikuwa kurekodi kwanza sauti ya yeyote aliye karibu, ili midomo ya katuni ichorwe kwa kuifuata. Kisha mwigizaji huja akasema upya, na kanda ya kwanza ikafutwa. Fondo alikubali kuwa sauti hiyo ya muda. Siku moja, katikati ya mapumziko, alimweleza Mbeyu jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba tangu mamake afariki, kila alapo huvuta kiti cha pili, akakiacha wazi, asijione peke yake. Alilisema polepole. Mashine haikuwa imezimwa.

Mbeyu aliisikiliza kanda ile mara ishirini, akachora kila pumzi. Ilikuwa kazi bora kuliko zote ambazo mkono wake uliwahi kuzifanya. Alinuia kumwambia Fondo. Kila siku akaahirisha. Na Bwana Abdulghafur alipoisikia, alikataa katakata kumwita mwigizaji, akataka sauti ile ile ibaki.

Siku ya kuonyesha sehemu ya kwanza, ukumbi mmoja wa Kizingo ulijaa. Fondo alikaa mstari wa mbele, akitabasamu. Bwana Tuli akavuta kiti, akaanza kusema kwa sauti ya Fondo, kwa maneno ya Fondo. Watu mia wakaangua kicheko.

Fondo aliinuka, akatoka. Mbeyu alimfikia mlangoni.

“Fondo, nisikilize!”

“Wamenisikiliza watu mia, Mbeyu. Imetosha.”

Kesho yake Mbeyu alipiga simu stesheni. Aliyepokea ni Wanza, karani mwenzake Fondo.

“Nipe Fondo, dada.”

“Ameniambia niseme hayupo.”

“Yuko hapo?”

“Yupo, anakula. Lakini hayupo. Nawe usinipigie tena, mimi ni mtu wa kwaya. Uongo huu unaniharibia sauti.”

Siku ya tatu, jibu ni lilo hilo. Siku ya tano, Bwana Abdulghafur aliitia simu kufuli. “Simu ya ofisi si ya kulilia wachumba!” Barua mbili zilirudi zikiwa hazikufunguliwa. Mbeyu akachora midomo isiyofungika, akaichana, akachora tena. Alikasirishwa na Fondo, akakasirishwa na waliocheka, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe. Siku ya saba aliishika kanda, akaipitisha juu ya sumaku ya spika mpaka haikubaki hata pumzi.

“Umefanya nini, binti wewe?” Bwana Abdulghafur alipiga kelele. “Jumatatu tunaipeleka televisheni!”

“Sauti ile haikuwa yangu.”

“Wala si yake! Ilikuwa ya Bwana Tuli!”

Adhuhuri ile ile alifika stesheni, leso begani, vidole vyeusi kwa wino. Fondo alikuwa akila muhogo wa nazi nyuma ya kaunta, na kiti cha pili kimevutwa. Mbeyu aliiweka kanda mbele yake. Fondo akaitia katika redio ya kaseti iliyokuwa kauntani. Ilivuma tupu.

“Umeifuta?”

“Yote.”

“Nani alikwambia uifute?” Fondo alisukuma sahani. “Mara ya kwanza hukuniuliza, ukaitumia. Mara hii hukuniuliza, ukaiangamiza. Nilisema pale mambo ambayo sitaweza kuyasema tena vile. Mbeyu, nilitaka kuulizwa tu!”

Mbeyu alijifuta macho kwa ncha ya leso.

“Basi nakuuliza sasa. Utakubali kuyasema upya, ukijua kwamba watu watacheka?”

Fondo aliivuta tena sahani mbele yake.

“Nitakubali. Lakini ulikichora kiti kidogo mno, kama cha mtoto. Ndicho kilichowachekesha.”

“Nitakichora upya. Nina swali jingine.”

“Uliza.”

“Naweza kukaa?”

Fondo aliinuka, akakifuta kiti vumbi kwa leso yake ya mfukoni, akamwonyesha kwa mkono. Mbeyu akakaa.

“Nami nina langu,” Fondo alisema, “na silifanyi bila kuuliza. Niwatume wazee kwenu Kaloleni?”

“Watume. Ila waje na subira. Mama hufoka kwanza, ndipo akasikiliza.”

“Nimekwisha kuzoea.”

Simu ililia. Wanza akaipokea, akamtazama Mbeyu aliyekuwa ameshika kipande cha muhogo.

“Mbeyu? Hayupo, Bwana Abdulghafur,” alisema, akashusha pumzi ya mtu aliyechoka kabisa. “Yupo, anakula. Lakini hayupo.”