Hodi Isiyojibiwa

Kila asubuhi Akila alikaanga bajia na kuziuza dirishani kwake, Mji wa Kale. Mumewe Mzamil, aliyekuwa akipakia malori Shimanzi, ndiye aliyeonja ya kwanza.

"Chumvi imepungua," alikuwa akisema, hata kama haikupungua. Kisha wote wawili wakicheka.

Mzamil alipougua, Akila alikopa pesa kwa simu ili anunue dawa. Aliahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi haujesha, Mwenyezi Mungu akamchukua Mzamil.

Akila akakaa eda. Bajia zikasita. Deni halikukaa eda. Lilizidi kuzaa riba.

Siku moja hodi ikapigwa.

"Nimetumwa na mahakama. Namtaka Bi Akila."

Akila alikuwa nyuma ya pazia. Akamwashiria wifi yake, Mejumaa, aende. Mejumaa akasimama mlangoni kama komeo.

"Mwenyewe yuko edani. Haonani na wanaume."

"Basi pokea wewe, mama. Ni wito wa kesi ya deni."

"Mfiwa haitwi! Kwani wewe huna mama?"

Yule mtu akabandika karatasi mlangoni, akaenda zake.

"Usijali, wifi," Mejumaa akasema. "Hakimu gani atamhukumu mjane ndani ya eda?"

Akila akaamini. Aliona eda imeufunga ule mlango kwa kila mtu, hata kwa sheria.

Kesi ikasikizwa bila yeye, hukumu ikatoka. Madalali wakaja na amri ya mahakama, wakaandika vitu vya nyumbani vitakavyouzwa deni lisipolipwa. Akila bado hakwenda kokote. Waliporudi, wakabeba kabati la vyombo, ambalo Mzamil alimnunulia walipooana.

"Chukueni sufuria!" Akila akalia. "Chukueni kitanda! Hilo niachieni."

"Vyombo vya kupikia na kitanda haturuhusiwi kuchukua, mama," dalali akasema, naye hakumtazama usoni.

Jioni akashuka Rosebella, karani wa mahakama, aliyepanga ghorofa ya juu. Alikuja kumpa pole.

"Sasa nitafungwa?" Akila akauliza.

"La, dada. Mtu hafungwi kwa kukosa pesa. Anayeweza kufungwa ni mwenye uwezo wa kulipa, akakaidi amri ya hakimu. Na hata huyo huitwa kwanza ajieleze. Lakini wewe wito hukuujibu. Hakimu alisikia upande mmoja tu."

"Nilikuwa edani, Rosebella."

"Ungeniambia. Ungeandika kwamba umefiwa, ukaomba kulipa kidogo kidogo. Sasa umeongezewa gharama za kesi na za dalali."

"Na kabati langu?"

Rosebella akainama. "Likishauzwa mnadani, halirudi. Na bei ya mnada haitamaliza deni lote. Twende ukaombe, tuokoe kilichobaki."

"Atoke edani?" Mejumaa akaja juu. Akajitanda buibui, akaenda kumwuliza maalim. Alirudi amenyong'onyea.

"Amesema mjane akiwa na haja hutoka mchana, usiku akalala kwake. Lau tungalimwuliza siku ile, wifi..."

Akila akaenda. Hakimu akamsikiza, akamruhusu alipe kila mwezi kwa kadiri ya mapato yake. Maadamu analipa, madalali hawarudi.

Eda imekwisha sasa. Sahani zimepangwa sakafuni, na ukutani, pale palipokuwa na kabati, rangi ingali mpya. Majirani wenye madeni humjia Akila, naye huwaambia, "Dawa ya deni ni kulipa. Asiye na cha kulipa, dawa yake ni kujibu."

Juzi hodi ilipigwa. Mejumaa akainuka. "Mwenyewe yuko..."

"Nipishe, wifi."

Akila akafungua mlango. Alikuwa msoma mita ya maji tu.

Akarudi jikoni, akaepua bajia ya kwanza, akaionja mwenyewe. Chumvi ilikuwa imepungua kweli.