Diwani na Ua la Dirishani

Siku hiyo stendi ya Singida ilikuwa imefurika watu wa mnada, kuku wanalia, makondakta wanaita. Severina, fundi cherehani, alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye bodaboda kutoka Ilongero, gauni lake la kitenge cha njano limegeuka rangi kwa vumbi. Kifuani alikumbatia kapu, na ndani ya kapu paka. Honi ilipolia, paka akachomoka, akatua juu ya toroli la maua.

"Dada, huyu ni mteja au mwizi?" aliuliza mwenye toroli, kijana mrefu aliyevaa shati la drafti lililofuliwa vizuri.

"Ni Diwani."

"Diwani wa wapi?"

"Anaingia kila nyumba, anakula, anaondoka, kazi yake hakuna aliyeiona. Wewe ungemwitaje?"

Kijana akacheka mpaka akashika toroli. Jina lake Mughwai, alikuwa anauza miche kando ya barabara ya kwenda hospitali. Kabla jasho halijakauka, walikuwa wameshabadilishana namba za simu.

Mapenzi yakakua kwa simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Na Diwani amekula."

"Huyo sijamuuliza. Ipo siku utachagua, mimi au yeye."

"Utashindwa vibaya, baba."

Mwezi wa tatu tangu wakutane, Mughwai akamletea ua kwenye chungu, majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, zuri la kutazama. Sasa, kwenye nyumba ile ya kupanga, binti akiweka ua mlangoni, Mama Jesca mwenye nyumba atauliza limetoka kwa nani, na kabla ya magharibi mtaa mzima utajua anachumbiwa. Severina hakutaka kuulizwa. Akalificha ndani, dirisha la upande wa nyuma, kati ya pazia na nondo, palepale Diwani alipozoea kuota jua.

Jumatano alirudi kutoka kazini akamkuta Diwani amejikunyata chini ya kitanda. Udenda unatiririka, mdomo umevimba, anajipangusa kwa mguu kama anayetaka kung'oa kitu. Maziwa akayakataa.

"Shikamoo, Mama Jesca. Njoo umwone Diwani."

"Marahaba." Mama akainama, akatazama, akaguna. "Huyu kalishwa kitu. Yule kijana wako wa miche alipita asubuhi."

"Asubuhi mimi sikuwepo."

"Ndiyo nakwambia. Alisimama pale dirishani kwako, mkononi ana chupa. Muuza miche hakosi dawa ya wadudu, mwanangu. Mimi sisemi kitu."

Yale maneno ya kuchagua, aliyoyachekea Severina, yakarudi na sura nyingine. Akapiga simu.

"Leo ulipita kwangu?"

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Nilipita."

"Na chupa?"

"Ya maji. Niliona ua limenyong'onyea, nikalimwagilia kupitia kwenye nondo."

"Kama ni maji, mbona hukuniambia?"

"Maji nayo ni ya kutolea taarifa?"

"Diwani anakufa, Mughwai. Muuaji wewe."

"Severina, kumbe ndivyo unavyoniona?"

Akakata. Mama Jesca alikuwa bado yuko mlangoni, hakuacha neno hata moja lipite.

Bwana mifugo, mzee Zefania, akaitwa, akaja na mkoba wake. Akamviringisha Diwani kwenye khanga, akamfungua kinywa, akachungulia taratibu.

"Hii siyo dawa ya wadudu, wala ya panya. Ulimi umeungua. Humu ndani una maua?"

Severina akavuta pazia. Majani mawili yalikuwa yametafunwa, alama za meno zinaonekana.

"Mwenyewe huyu hapa," alisema mzee. "Utomvu wake unachoma kama pilipili." Akamwosha Diwani kinywa kwa maji. "Mpe chakula laini. Usimtapishe. Akihema kwa shida, nipigie hapohapo. Na ukiletewa yungiyungi, lisivuke kizingiti. Hili linachoma mdomo, lile linaua figo. Hata vumbi la ua likimwangukia akajilamba, inatosha. Hilo hulingojei kesho."

Diwani akapata nafuu, lakini moyo wa Severina haukupoa. Chupa ilikuwa ya maji, sawa. Lakini muuzaji si anaijua bidhaa yake? Alileta akijua? Siku mbili Mughwai hakupiga simu, na kimya chake nacho akakitilia shaka.

Jumamosi, Diwani alipolamba mchuzi wa samaki, Severina akavaa gauni la bluu, akaenda barabara ya hospitali. Hakujitokeza. Akasimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anachagua ua lilelile.

"Mama, nyumbani kuna paka?" Mughwai aliuliza.

"Yupo."

"Mtoto anayetambaa?"

"Mjukuu. Kwani unauza maua au unahesabu watu?"

"Basi hili sikuuzii, mama. Chukua waridi."

"Nimetaka hili." Mama akasonya, akaenda zake.

Ndipo Mughwai akamwona. Alikuwa amekonda usoni.

"Ulijua?" Severina aliuliza.

"Nilijua linawasha. Nikilikata, mikono inavimba. Kwamba paka atalila, sikuwaza mpaka uliposema Diwani anakufa. Kosa hilo ni langu, silikimbii. Lakini uliniita muuaji."

"Nilikuita. Na ua nililificha mimi. Ningeliweka nje, asingelala nalo."

"Kwa nini ulilificha?"

"Niliogopa Mama Jesca ataniuliza wewe ni nani kwangu."

"Ungemjibu nini?"

"Hukuwa umenipa jibu."

Mughwai akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. "Nina mjomba huko Mgori. Nikimpigia leo, wiki ijayo atakuwa kwa wazazi wako."

"Mjomba aje. Lakini Mama Jesca alinisikia nikikuita lile jina. Nataka anisikie nikilifuta, na wewe uwepo."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya wateja. Mughwai akafunika miche yote kwa turubai.