Msichana wa Ukurasa wa Tisa

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, nilikwenda Makongeni kumsaidia Shangazi Nthoki kama kawaida. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika na kuchora vitabu kumi na vinne vya watoto, vyote kwenye meza ileile ya jikoni. Kazi yangu ilikuwa kukagua kurasa kabla hazijaenda kwa mchapishaji: kuhesabu vidole, vifungo vya sweta, watoto. Binti yangu Kathini, wa miaka mitano, aliketi sakafuni na penseli zake za rangi.

Katika kila kitabu kulikuwa na msichana wa sweta ya manjano, nyuma ya wenzake, ametupa mgongo. Hakuwa na jina. Shangazi aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba huyo ni mwanawe aliyefariki akiwa na siku mbili. Kwetu Ukambani, zamani, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa bado ni wa kule alikotoka. Nilisikiliza kwa heshima. Sikuamini.

Mhariri alikuwa ametaka majina ya watoto wote wa ukurasa wa tisa. Shangazi alitoka kununua maziwa. Nikaandika majina saba. La nane halikuwepo, na mimi siwezi kuvumilia nafasi iliyo wazi. Kando ya sweta ya manjano nikaandika, kwa wino: Kathini. Nikamwambia binti yangu sasa yuko kitabuni. Akacheka.

Shangazi aliporudi aliinama juu ya ukurasa. Pakiti ya maziwa ikamtoka mkononi.

"Mwite mtoto wako," akanong'ona.

"Kathini."

Binti yangu aliendelea kupaka rangi.

"Kathini."

"Eeh, mama," ikajibu sauti ya mtoto kutoka chumbani.

Chumbani hakukuwa na mtu.

Nilipiga magoti, nikamshika binti yangu mashavu. Aliniangalia vile mtoto humwangalia mgeni.

"Unaita nani?" akauliza.

Nikalikwaruza jina kwa wembe. Karatasi ikatoboka. Jina likawa kwenye karatasi ya chini. Nikaita tena, na tena. Kila mara nilijibiwa kutoka chumbani. Kila mara karibu zaidi na mlango.

"Acha," Shangazi alisema, akilia. "Miaka yote nilimnyima jina ili asije. Ameshalichukua. Mpe wako lingine, upesi."

Nikasema la kwanza lililonijia.

"Nthoki."

Binti yangu akageuka. Chumbani kukawa kimya.

Shangazi aliuchoma ukurasa huo jikoni. Hajachora tena. Binti yangu anakula, anakwenda shule, anaitika jina lake jipya. Lakini akiwa nyumbani huketi akitazama ukuta, ametupa mgongo, na cheti chake cha kuzaliwa, chenye jina la Kathini, nimekificha.

Kitabu kilitoka Januari. Ukurasa wa tisa hatukuutuma, lakini umo. Msichana wa sweta ya manjano amegeuka. Uso ni wa Kathini, na mdomo uko wazi, kama anayeita mtu. Kila siku nataka kumwitikia, na naogopa atakayekuja.

Mbele, msichana huyo wa pichani ana pengo la jino. Binti yangu aling'oka jino hilo Jumapili, siku moja baada ya Shangazi kuuchoma ukurasa.